Nyayo za "ji" kutoka Zambezi hadi Litowa

Novemba 1835 jua lilipatwa mchana, na wanahistoria wameitumia kumbukumbu hiyo kukadiria siku ambayo Zwangendaba aliuvuka mto Zambezi na watu wake wakielekea kaskazini. Safari yao ilianzia kwa Wanguni, kusini kabisa mwa Afrika, katika misukosuko ya enzi ya Shaka. Zwangendaba mwenyewe hakufika Songea. Alifia Ufipa katika miaka ya 1840, watu wake wakagawanyika, na baadhi yao, waliokuja kuitwa Wangoni, wakazunguka mashariki ya Ziwa Nyasa mpaka wakafika kwenye nchi hii ambamo mto Ruvuma unaanzia. Ukiwa Msamala, hapa Songea, leo huhitaji kwenda maktaba kuwatafuta. Sikiliza majina yakiitwa darasani asubuhi: Gama, Tawete, Mbano, Zulu, Ngonyani, Komba.

Njia hiyo imeshasimuliwa sana kwa mikuki, ngao na ng'ombe. Mimi nataka kuifuata kwa silabi moja tu, ile ambayo mtu huitumia anaposema kwamba jambo alilolitenda limemrudia yeye.

Katika Kizulu, ndugu wa karibu wa lugha waliyoondoka nayo, silabi hiyo ni "zi". Kujipenda ni "ukuzithanda". Ukiingia nchi ya Washona, ambako msafara ulipita kabla ya kuuvuka Zambezi, unaikuta imekuwa "zvi". Ng'ambo ya Zambezi, kwa Wachewa, ni "dzi", na kujipenda huitwa "kudzikonda". Katika Kiswahili ni "ji". Mzizi wa kitenzi umebadilika kabisa njiani, thanda, konda, penda, lakini ile silabi bado inatambulika, wala haijahama mahali pake: ipo ndani ya kitenzi, imeubana mzizi.

Wangoni hawakuileta. Kila walipofika waliikuta imetangulia, kwa kuwa lugha hizi zote za Kibantu ni za ukoo mmoja. Mtaalamu Mbelgiji A. E. Meeussen, alipochapisha mwaka 1967 kazi yake ya kuijenga upya sarufi ya Kibantu cha kale, aliiweka humo silabi hiyo kama urithi wa zamani sana. Hapo ndipo safari ya Wangoni inanigusa. Walioa kwa wenyeji, watoto wakakua na lugha za mama zao, na Kingoni cha Songea cha sasa kiko karibu zaidi na Kindendeule na Kimatengo kuliko Kizulu. Yalipotea mengi. Lakini namna ya kusema "nimejitenda" haikupotea, maana mama naye alikuwa nayo, ndani ya kitenzi, kabla tu ya mzizi.

Itazame inavyofanya kazi. Nilijikata, ulijikata, alijikata, tulijikata, mlijikata, walijikata. Mtenda anatajwa mwanzoni, naye anabadilika mara sita. "Ji" haibadiliki hata mara moja. Haiulizi kama ni mwanamume au mwanamke, mmoja au wengi. Inashika nafasi ambayo ingeshikwa na mtendwa mwingine, "nilimkata" au "niliwakata", na kutoa taarifa moja tu: usimtafute mtendwa mbali, ni huyuhuyu.

Mwingereza aliyeikuta silabi hii na kuwaeleza wenzake ni Edward Steere. Alifika Zanzibar mwaka 1864, na mwaka 1870 akachapisha kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kama kilivyozungumzwa Unguja. Mwaka 1875, akiwa tayari askofu, alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi Mwembe, mji wa Mataka, mkuu wa Wayao, ng'ambo ya Ruvuma. Kati ya safari zote za kimisheni za miaka ile, hiyo ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu mtu aliyekuwa amekaa mezani Unguja akipanga viambishi alitoka akaenda kuvisikia vikisemwa na wapagazi njiani. Wasomaji wake Waingereza walizoea neno zima linalosimama peke yake: myself, yourself, himself. Katika Kiswahili ilibidi walitafute tumboni mwa kitenzi. Na ilibidi wajifunze jambo la pili, kwamba kazi ambazo Kiingereza huzibebesha neno moja, Kiswahili kimezigawa. "He cut himself" ni "alijikata". "He himself came" ni "alikuja mwenyewe". Neno la Kiingereza ni lilelile. Kwetu la kwanza ni kujitenda, la pili ni mkazo, na hakuna mtoto wa Msamala anayeyachanganya anapozungumza Kiswahili.

Songea, hata hivyo, haikukipata Kiingereza kwanza. Mwaka 1898 Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni Peramiho, magharibi ya mji, wakiongozwa na Padre Cassian Spiss. Kijerumani chao kilikuwa na kitu ambacho Kiingereza hakina: "sich", neno fupi la kujirejea, moja kwa mwanamume, mwanamke na kundi zima. Kwa nafsi ya tatu, Kijerumani na "ji" yetu vimekaribiana kuliko Kiingereza na "ji". Watoto waliokaa mbele ya mapadre wale walikutana na wageni ambao sarufi yao, kwa hili angalau, ilifanana na ya kwao.

Kufanana huko hakukuzuia damu. Agosti 1905 Spiss, aliyekwisha kuwa askofu, aliuawa pamoja na wenzake njiani kuelekea Liwale. Vita vya Majimaji, vya kuupinga utawala wa Wajerumani, vilipofika Ungoni, misheni ya Peramiho iliteketezwa kwa moto. Maji ambayo wapiganaji waliyanywa na kunyunyiziwa yalikuwa ya kujikinga na risasi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni hapa mjini, na kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka, akiwemo Nduna Songea Mbano ambaye mji umebeba jina lake. Ninapomsikia mtoto akisoma kwa sauti habari zao, najikuta nasubiri kitenzi. Walinyongwa. Ongeza "ji" mbele ya mzizi na ubadilishe mwisho, watakuwa wamejinyonga, na muuaji ametoweka kwenye sentensi. Silabi hii inabeba kesi nzima ya nani alimfanya nini nani.

Waingereza waliiteka Songea mwaka 1916, na baada yao kikaja Kiingereza cha shule. Kwa hiyo lazima tuifuate na njia ya pili, iliyoanzia mbali zaidi, kwa sababu Kiingereza nacho kilikuwa na safari yake kabla ya kuandikwa kwa chaki kwenye ubao wa Songea.

Kiingereza cha zamani za Ælfric, mtawa aliyeandika sarufi ya Kilatini kwa lugha ya watu wake karibu mwaka 1000, hakikuwa na viwakilishi vya kujirejea vya pekee. Sentensi yenye maana ya "alimuua" ingeweza pia kumaanisha "alijiua". Msikilizaji aliamua kwa kutazama habari iliyozunguka. Neno "self" lilikuwepo, lakini lilikuwa la kukazia, kama "mwenyewe" wetu. Watu wakalibandika kwenye kiwakilishi pale ambapo utata ulikuwa mkubwa, wakazoea, na polepole kilichokuwa mkazo kikawa ndiyo njia ya kawaida ya kusema kujitenda. Ilichukua karne nyingi. Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611 bado ina mahali pengi ambapo mtu anajigeuza au anajilaza kwa kiwakilishi cha kawaida, bila "self". Kwa maoni yangu hilo linastahili kuambiwa wanafunzi siku ya kwanza ya somo. Wanadhani Kiingereza kilishushwa kikiwa kimekamilika, wao wakiwa na lugha ya kubahatisha. Katika jambo hili ukweli ni kinyume chake: Kibantu kilikuwa na silabi yake tangu enzi ambazo hakuna aliyeziandika, Kiingereza kikaja kuijenga ya kwake kwa viraka.

Na viraka vinaonekana. Myself, yourself na ourselves vimejengwa kwa neno la umilikaji, kana kwamba mtu anasema "nafsi yangu, nafsi yako, nafsi zetu". Himself na themselves vimejengwa kwa umbo la mtendwa, "yeye" na "wao". Mtoto wa kidato cha kwanza anayeandika "hisself" na "theirselves" hajafanya uzembe. Ameitafuta kanuni, ameiona kwenye myself, na ameitumia palipobaki. Wakulima wa sehemu nyingi za Uingereza wamesema hivyohivyo kwa karne nyingi. Robert Lowth, ambaye sarufi yake ya mwaka 1762 iliwafundisha Waingereza kuandika, naye alisema kwamba himself na themselves, vinapotumika kama mtenda, vinaelekea kuwa umbo lililoharibika la "his self" na "their selves". Mwalimu bado atalikata lile neno kwa kalamu nyekundu, maana mtihani ni mtihani. Akiongeza dakika mbili za kueleza kwa nini mtoto alifikiri sawasawa, atakuwa amempa kitu ambacho alama haziwezi kumpa.

Kuna zawadi moja ambayo viraka hivyo viliiacha. Kiingereza kilipoteza tofauti ya "wewe" na "ninyi". Vyote ni "you". Lakini kwenye kujirejea tofauti imebaki hai: yourself ni mmoja, yourselves ni wengi. Mgeni anapoingia darasani na kusema "introduce yourselves", wote wanatakiwa kujitambulisha.

Sasa nitaje sentensi ambayo kila aliyefundisha Kiingereza katika mji huu amewahi kuikuta daftarini: "My parents love themselves." Mtoto alitaka kusema wazazi wake wanapendana. Alichoandika ni kwamba kila mmoja anajipenda, na Mwingereza atakayeisoma atadhani ni malalamiko. Kosa hili lina chanzo cha heshima. Kiswahili hutenganisha mambo hayo ndani ya kitenzi: "ji" mbele ya mzizi kwa kujitenda, "an" nyuma yake kwa kutendana. Wanajipenda, wanapendana. Wanajisaidia, wanasaidiana. Kiingereza hakina nafasi hizo mbili kwenye kitenzi, hivyo hutoa maneno mawili tofauti nje yake, themselves kwa la kwanza na each other kwa la pili. Mtoto anayajua maneno yote mawili. Hajaambiwa tu kwamba each other ndiyo "an" yake. Sioni sababu ya kulifundisha somo hili bila kupitia Kiswahili, ilhali Kiswahili kimelieleza waziwazi kuliko kitabu cha Kiingereza.

Kisha kuna vitenzi ambavyo lugha hizi mbili zimegawana bila kupatana. Kwetu mtu hujificha, hujiandaa, hujifunza, hujiunga na chama, hujikwaa, mama hujifungua. Mwingereza kwa haya yote anaweza kutumia kitenzi kitupu: hide, prepare, learn, join, stumble, na kwa uzazi ana maneno mengine kabisa. Anayetafsiri kila "ji" kwa "self" ataandika "I learn myself English", nayo haiendi. Upande wa pili, Mwingereza anapomkaribisha mgeni mezani husema "help yourself", yaani jipakulie. Ukiitafsiri kwa neno moja moja utamwambia mgeni ajisaidie, na katika Kiswahili hilo ni jambo la chooni. Wakati mwingine "ji" si "ji" hata kidogo. Kujitahidi kuna sura yake, lakini neno lilitoka katika Kiarabu likiwa na "j" yake, kama kujibu. Masikio ya Waswahili yameipokea "ji" ya kujitahidi kama mwenyeji, maana kujitahidi ni kujisukuma, na maana imekubaliana na sauti.

Penye jambo gumu zaidi lugha hizi zinakutana. Mpe mwanafunzi sentensi hii: "Juma said that Hamisi hurt himself." Nani aliumia? Hamisi, na haiwezi kuwa Juma. Badilisha himself kuwa him, na sasa Hamisi ndiye hawezi kuwa aliyeumia. Ni Juma au mtu mwingine. Kiswahili kinatoa jibu hilohilo: "Juma alisema kuwa Hamisi alijiumiza", "Juma alisema kuwa Hamisi alimuumiza". Mwanaisimu Noam Chomsky aliifanya kanuni hii kuwa sehemu ya nadharia aliyoichapisha mwaka 1981, kwamba neno la kujirejea lazima limpate mwenyewe karibu, ndani ya sentensi yake ndogo, lisivuke kwenda kumtafuta mbali. Mtoto wa Msamala anaijua kabla ya kuanza shule.

Mwenye kitendo awe karibu. Sharti hilo ndilo linalonipeleka Litowa, kijiji cha hapa Songea.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1945 uliziahidi nchi za udhamini, Tanganyika ikiwemo, kufikia kujitawala au uhuru. Kiingereza huliita jambo la kwanza "self-government", na hapo "self" imegeuka kuwa sehemu ya jina. Jina halihitaji mtenda. Unaweza kuandika ukurasa mzima juu ya self-government bila kumtaja anayejitawala. Kitenzi cha Kiswahili hakikuruhusu hivyo kwa urahisi: ukitoka kwenye "kujitawala" na kutaka kusema sentensi, unaulizwa mara moja, nani? Ninajitawala, tunajitawala, wanajitawala.

Mwaka 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU hapa Songea, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, waliamua kulijibu swali hilo kwa majembe. Walikwenda kuanzisha kijiji Litowa. Jaribio la kwanza lilishindikana, wakarudi tena. Baadaye Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi kwenye shamba la misheni ya St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, alikuja kuishi nao kama mshauri. Vijiji vingine vikafuata mfano, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, na kufikia mwisho wa miaka ya sitini vilikuwa kama 17. Walilima pamoja, waliamua mambo yao mikutanoni, walikuwa na mashine ya kusaga nafaka hapa mjini, na walikuwa na shule yao Litowa chini ya mwalimu mkuu Toroka, ambako watoto walisoma na kulima na kushiriki kuendesha shule.

Rais Nyerere aliwatembelea na kuwaunga mkono. Azimio la Arusha lilipotangaza siasa ya Ujamaa na Kujitegemea mwezi Februari 1967, na Elimu ya Kujitegemea ilipofuata mwezi Machi, watu wa Litowa walikuwa wameshatumia miaka kadhaa wakiifanya kazi ambayo taifa lilikuwa sasa linapewa jina lake. Nyerere, aliyekwisha kuutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, alijua uzito wa maneno katika lugha zote mbili. Kwa Kiingereza siasa hiyo iliitwa "self-reliance", jina tulivu. Kwa Kiswahili ni kitenzi, nacho kinadai mtenda na mtendwa wawe walewale. Ukimtegemeza mtu kwa amri, umeshaiondoa "ji".

Wakuu wa mkoa na wa chama waliona mambo kwa jicho jingine. Vijiji vilivyojiamulia cha kulima na namna ya kukilima, visivyosubiri maelekezo kutoka juu, viliwakera watu ambao kazi yao ilikuwa kutoa maelekezo. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikipiga marufuku Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mali zake zilichukuliwa, mashine ya kusaga ikiwemo, na walimu wa Litowa walihamishwa. Miaka michache baadaye mamilioni ya Watanzania walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengi wao kwa nguvu, na vitabu vya Kiingereza viliendelea kuliita jambo hilo kwa lile jina lisilo na mtenda, "self-reliance".

Kwa anayefundisha somo hili Songea, habari ya Litowa ina sentensi nzuri kuliko zile za Tom na Mary kwenye vitabu vya zamani. "The villagers governed themselves." "The villagers built the school themselves." Ya kwanza ni kujitenda, ya pili ni mkazo, mwanafunzi azitafsiri aone "ji" inavyokwenda upande mmoja na "wenyewe" upande mwingine. Kisha apewe ya tatu, ngumu kuliko zote: "The association disbanded in 1969." Ni Kiingereza safi, kifupi, bila kosa la sarufi. Kitenzi hicho hakihitaji itself na hakimtaji mtu, hivyo msomaji wa London anaweza kukipita akidhani wanachama walikubaliana wakatawanyika. Mwanafunzi wa Msamala atakapoigeuza kwa Kiswahili atalazimika kuchagua. Akiandika "kilijivunja" atakuwa amesema uongo. Akiandika "kilivunjika" atakuwa amemficha mvunjaji. Sahihi ni "kilivunjwa", na mwalimu amuulize na nani.